Hewa na Mafuta katika Pikapu ya Dizeli

Mazungumzo yangu ya jioni hii yanawaelekea hasa wale wenye pikapu kuukuu za dizeli, ambao huzitengeneza wenyewe uani kwa spana zao, na ambao, wakiwa wamepakia mbao au magunia ya mahindi na kuukabili mlima, wameliona gari likisitasita, likitapika moshi na kupitwa na kila basi, hata wakaingiwa na hamu ya kuiongezea injini nguvu. Shauri ambalo mtu wa namna hiyo hulipata upesi kuliko yote, tena bila ya kulipa hata senti, ni kuigeuza ile skrubu iliyo nyuma ya pampu ili mafuta yazidi. Nia yangu ni kuthibitisha, kwa hesabu inayoweza kufuatwa na kila asikilizaye, ya kwamba shauri hilo linaianza kazi kwa mwisho wake, kwa sababu kilichopungua ndani ya injini nyingi za namna hiyo ni hewa, na mafuta yanayozidishwa mahali penye hewa haba hugeuka moshi na moto usio na faida.

Ili nisizungumze kwa jumla mno, nimechagua injini moja ijulikanayo tangu Kigoma hata Lamu, nayo ni ile 1HZ ya Toyota, iliyotoka mwaka 1990 na kuwekwa katika Land Cruiser, zikiwamo pikapu zile za mkonga wa kuvutia hewa juu ya paa, ambazo zimebeba askari, wagonjwa, chanjo, miche ya kahawa na maiti za wapendwa wetu katika njia ambazo magari mengine hayathubutu kuzipita. Ni injini ya silinda 6 na lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta, yenye nguvu za farasi 130 hivi, ambayo mafuta yake hupulizwa kwanza katika chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, yakaanza kuungua humo, kisha moto ukatoka kwa kasi na kuisukuma pistoni. Madhali kila kitu ndani yake huendeshwa kwa mkanda, gia, springi na shinikizo la mafuta, mwenye akili ya ufundi anaweza kuielewa yote. Na haya nayasema kwa heshima, kwani naiona ni kazi ya maana sana mtu kulichafua shati lake Jumamosi nzima ili alifahamu gari linalomlisha yeye na aila yake.

Yafaa kwanza tuifahamu tofauti iliyopo baina ya injini hii na ile ya petroli, kwa kuwa mashauri mengi tuyasikiayo gereji yametoka kwenye petroli na kuhamishiwa kwenye dizeli bila ya kuulizwa kama yanafaa. Katika petroli, dereva akanyagapo mafuta huwa kwa hakika anaufungua mlango wa hewa, nayo mafuta huifuata hewa kwa kipimo chake. Walakini katika dizeli ya namna hii mlango huo haupo, hewa huingia wakati wote kwa kadiri iwezavyo kuingia, na mguu wa dereva huamrisha mafuta peke yake. Hutokea basi kwamba dizeli iliyozibwa njia ya hewa haikatai kupokea mafuta. Hupokea yale yale iliyozoea kupokea, ikashindwa kuyaunguza yote, na mabaki yakatoka nyuma kama masizi meusi. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya dizeli huhitaji kilo 14 na nusu za hewa ili iungue kabisa, lakini kwa kuwa ndani ya silinda mafuta yana muda mfupi mno wa kukutana na hewa, injini kama hii yataka kilo 18, au 20, au zaidi, ndipo isitoe moshi. Na kwa kuwa krankshafti ikizunguka mara 2 silinda zote 6 huwa zimevuta pumzi mara 1, injini ya lita 4.2 inayokwenda mizunguko 2,000 kwa dakika humeza karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo moja, ambazo ni mapipa 20 ya yale makubwa ya lita 200. Mwenye kuizingatia hesabu hiyo hatashangaa kuambiwa kwamba kitambaa kilichosahauliwa ndani ya bomba, au mpira ulionywea, waweza kuliharibu gari zima.

Kisha kuna suala la nchi yenyewe. Gari litokalo Dar es Salaam likiwa na nguvu zake kamili, likapita Morogoro na Mikumi, likaupanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa na mwishowe likafika Mbeya, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, limefika mahali ambapo kila lita ya hewa imepungua uzito, kwa takriban sehemu 1 katika 6, kuliko lita ya pwani. Na hali ni hiyo hiyo kwa atokaye Mombasa kwenda Nairobi. Pampu haina habari ya mlima, isipokuwa zile chache zilizofungwa kifaa cha kupimia kimo. Zilizobaki huendelea kupuliza mafuta ya pwani ndani ya hewa ya bara. Ndiyo maana pikapu iliyorekebishwa pampu Tanga, ikawa haina lawama, huweza kufika Lushoto ikifuka, na mwenyewe akamshutumu fundi kwa dhulma ambayo hakuitenda.

Basi kazi ya kwanza, na isiyo na gharama kubwa, ni kuitafuta hewa iliyopotea, nayo aghalabu imepotelea kwenye ea klina. Kuna desturi iliyoenea ya kuigonga filta ya karatasi kwenye tairi mpaka vumbi lidondoke, kisha kuipuliza kwa upepo wote wa kompresa ya kujazia magurudumu, na mimi naichukia desturi hiyo kwa sababu karatasi hupasuka vitundu visivyoonekana na pambizo la mpira hupinda, hata likawa halikai tena sawasawa. Vumbi la njia zetu limejaa chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha kuta za silinda, na chembe hizo zikipita hufanya kazi ya msasa, zikala ringi na silinda polepole, mpaka siku moja gari linaanza kula oili na mwenyewe akadhani ni uzee. Atakaye kuitumia tena filta yake na aipulize kwa upepo hafifu, kutoka ndani kwenda nje. Kisha usiku aingize taa ndani yake na kuizungusha gizani, na endapo nuru itachomoza mahali kama nukta, filta hiyo haifai tena hata kwa safari ya sokoni.

Wengi wataniuliza kuhusu zile filta za pamba zilizotiwa mafuta, ambazo huuzwa ghali kwa sifa ya kupitisha hewa nyingi. Jawabu langu ni kwamba filta ya karatasi ya asili, ikiwa mpya na safi, inaitosha injini hii kwa wasaa, hivyo faida ya kuiondoa ni ndogo mno, ilhali hatari ya kuingiza vumbi laini katika njia ya udongo ni kubwa. Wala sioni hekima ya kununua kwa fedha nyingi tundu pana zaidi la kupitishia mchanga. Wapo pia wanaoling'oa kasha lote la ea klina na kufunga filta yenye umbo la pia iliyo wazi kando ya injini, wakifurahia mlio wake. Hao wamejidhulumu, kwa kuwa hewa ya chini ya boneti hufika nyuzi 60 na kupita, na kila nyuzi 10 za joto hupunguza uzito wa hewa kwa asilimia 3 hivi. Injini iliyokuwa ikivuta hewa ya nyuzi 30 kutoka nje sasa inavuta hewa iliyopungua karibu asilimia 9, na mlio ule mzuri ndio malipo pekee ya hasara hiyo.

Mkonga, kwa upande wake, nausifu, ijapokuwa watu wengi huudhania ni wa kuvukia mito tu. Manufaa yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya baridi kutoka juu ya paa, mahali ambapo vumbi la gari lililotangulia limepungua; sharti lake ni kwamba viungo vyote viwe vimebana, maana mkonga unaovuja chini ya boneti humdanganya mwenyewe kuliko kama usingekuwapo. Namna ya kuupima ni nyepesi: washa injini, iache katika mwendo wake wa chini, kisha ziba mdomo wa mkonga kwa ubao ulio sawa na wenye kipande cha mpira. Injini ya dizeli ambayo njia yake haivuji itahema na kuzimika baada ya muda mfupi. Ile inayoendelea kunguruma kana kwamba hapana lililotokea inapata hewa mahali pengine, na aghalabu mahali hapo ni ufa ulio chini ya klampu, upande wa mpira usioelekea macho. Fauka ya hayo, paka grisi nyembamba ndani ya bomba lililoko baada ya filta, tembea safari ya vumbi, kisha fungua upitishe kidole: kikitoka na chenga, usiongeze kitu kingine chochote katika gari hilo mpaka umeziba panapovuja.

Juu ya bomba la moshi sina mengi. Katika injini isiyo na turbo, bomba la asili lililo zima halizuii kitu cha maana, na kulikata ili lipige kelele ni kuwaudhi majirani bure. Ila lililobonyezwa na jiwe, au sailensa iliyooza ndani na vipande vyake kuziba njia, hiyo huinyima injini nafasi ya kutoa pumzi chafu ili iingize safi, na yapasa ibadilishwe.

Sasa natoka kwenye hewa naingia kwenye mafuta, na hapa pia naanza na yaliyoharibika kabla ya yanayozidishwa. Pampu ya gari hili hulainishwa na dizeli ile ile inayoipuliza. Haina oili nyingine ya kuikinga, kwa hiyo uchafu wowote uliomo ndani ya mafuta humfikia mlaji wake wa kwanza, naye ni chuma kilichosuguliwa kwa vipimo vya ajabu. Maji yaliyojikusanya katika pipa, au katika madumu ya wauzao kando ya njia, huleta kutu. Mafuta ya taa, ambayo kwa miaka mingi yalichanganywa ndani ya dizeli kwa tamaa ya faida, hayana ulainishi wa kutosha, hivyo huila pampu kimya kimya. Uchakachuaji huo ulikithiri kiasi cha serikali kulazimika kuingia kati: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ikaanza kutia vinasaba katika mafuta ya Tanzania mwaka 2010, ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa mwaka uliofuata, nayo Kenya ikaweka mwaka 2018 tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa yaingizwayo nchini. Kanuni hizo zimesaidia, lakini hazikuirudishia uzima pampu iliyokwisha lika, na magari mengi tunayoyatengeneza leo yalikunywa mchanganyiko huo miaka mingi.

Kwa hiyo, kabla ya skrubu, mwaga maji yaliyotengwa katika kikombe kilicho chini ya filta ya dizeli. Badili filta yenyewe, kisha toa upepo kwa ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake. Na kagua mpira unaotoka kwenye tangi, kwa kuwa ufa usiovujisha hata tone waweza kuvuta hewa na kulifanya gari ligome kuwaka asubuhi. Gari linalokwenda vizuri tambarare na kufa nguvu mlimani, pasipo moshi mwingi, mara nyingi linalalamikia filta ya dizeli iliyoziba, na dawa yake ni ya bei ndogo. Lile linalofa nguvu huku likitoa moshi mweusi linalalamikia hewa au nozeli. Nozeli hizo zifungue mwenyewe ukipenda, ila kuzipima mpelekee fundi pampu mwenye mashine, aone kama kila moja inapuliza ukungu mwembamba ulio sawa. Ile inayotiririsha matone huweza kuitoboa pistoni, na hakuna jicho la uani liwezalo kulitambua hilo.

Nimejua katika kazi hii ya kuzungumza na watu juu ya magari kwamba aliyeyafanya hayo yote huona gari limerudi ujana, na mara nyingi hamu ya kuongeza nguvu humtoka. Hata hivyo wapo wenye haja ya kweli, kama wale wapandishao mizigo Usambara au Uluguru kila juma, na hao nawaambia kwamba njia ya haki ya kuongeza mafuta ni kuongeza hewa kwanza, nayo hewa huongezwa kwa turbo. Wazo lenyewe ni la Alfred Büchi, Mswisi aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1905, miaka 8 tu tangu Rudolf Diesel alipoionyesha injini yake kule Augsburg: moshi wa moto unaotupwa nje huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukumiza hewa ndani. Kwa shinikizo la nusu ya anga, mtu angedhani hewa imezidi kwa asilimia 50. Lakini kusukumizwa huko huipasha moto, kutoka nyuzi 30 hadi kupita 80, kwa hiyo nyongeza ya kweli haifiki asilimia 30. Ukiipitisha katika rejeta ya hewa ikapoa hadi nyuzi 50, nyongeza hukaribia asilimia 40, tena silinda hufanya kazi katika ubaridi ulio salama zaidi. Kwa sababu hiyo, kati ya aliyeongeza shinikizo la turbo na aliyefunga rejeta ya hewa, mimi namwona huyu wa pili kuwa ndiye aliyefahamu kazi.

Walakini tusiisahau asili ya injini yenyewe. Mgandamizo wa 1HZ ni mkubwa sana, zaidi ya 22 kwa 1, na vile vyumba vidogo vya ndani ya hedi huweza kupasuka vikizidiwa na joto. Toyota wenyewe, walipotaka injini ya lita 4.2 yenye turbo mwaka 1990 huo huo, hawakuifunga turbo juu ya hii. Walitengeneza 1HD-T, inayopuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na yenye mgandamizo wa 18.6 kwa 1. Basi anayeifunga turbo uani na ajue anakopa katika akiba ya uimara iliyowekwa na wengine, na akope kidogo: shinikizo lisipite nusu ya anga, oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na akimaliza mlima asiizime injini papo hapo, bali aiache ingurume kwa dakika 2 ili oili iupoze ule mhimili mdogo unaozunguka kwa kasi isiyo ya kawaida.

Na ile skrubu? Imefungwa lakiri na kiwanda kwa sababu zilizo wazi. Ikizidishwa mno, hata mwendo wa chini hupanda, na dereva akiondoa mguu injini hukawia kutii, jambo la hatari kubwa katika msongamano wa watu na baiskeli. Moshi wake humdhuru asiyehusika: mwaka 2012 idara ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu, na wanaouvuta zaidi ni watoto wanaokwenda shule kwa miguu kando ya barabara na mama wauzao nyanya mlimani, mahali hasa ambapo magari hukanyagwa mafuta yote. Mimi siwezi kuiita nguvu ile inayotafutwa kwa mapafu ya hao.

Aliye na turbo na rejeta ya hewa, na aliyekwisha fanya yote niliyoyataja, anaweza kuigusa skrubu hiyo akiwa na geji ya joto la moshi, ambayo ncha yake imeingizwa ndani ya manifoldi kabla ya turbo. Ikiwekwa baada ya turbo hupungukiwa na nyuzi 100 na zaidi, ikamtuliza dereva wakati wa hatari. Ageuze thumuni ya mzunguko, asizidishe, kisha apande Kitonga mchana wa jua na mzigo wake wa kawaida, msaidizi akiisoma geji. Sindano ikigusa 700, arudishe nyuma bila ya kubishana nayo. Ikikaa chini ya 650 tangu bonde mpaka juu, na lami ikaonekana wazi nyuma yake katika kioo, aikaze nati ya kufungia na kuitia rangi nyekundu, ili fundi yeyote atakayefungua boneti baada yake ajue kwamba hapo pamekwisha pimwa.